Fizi za Salha

Siku hizo mswaki wa kila nyumba ulisoma damu ya fizi, ukatangaza ulichokiona, kisha ukawapasha habari jamaa na majirani.

Asubuhi moja fizi za Salha zilitoka damu. "Fizi zimevimba kwa sababu una mimba," mswaki ukasema kwa sauti. "Hongera."

Mumewe, Mbwana, alikuja bafuni mbio, akicheka huku machozi yakimlengalenga, kwani walikuwa wamesubiri miaka mingi. Jikoni, mama mkwe akapiga vigelegele.

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Na mimi ndiyo kwanza naambiwa," Salha alisema, akamkumbatia na povu lake mdomoni.

Majirani walikuwa wameshafika, wakipiga hodi. Salha akasukutua, moyo ukimdunda kwa furaha, akatafuta mtu wa kumpa habari yake, asimpate.