Lete Nikupokee

Siku hizi maumivu hupokelewa kama mzigo. Ndugu akikubali, daktari anamhamishia, na yanakaa kwake mpaka afe. Mimi sainasi ilinitesa utotoni, mvuke na dawa havikusaidia. Mama hakungoja kuombwa. "Lete, mwanangu, nikupokee," alisema, kana kwamba natoka sokoni.

Leo asubuhi nilikuwa nimeinama naosha mchele. Ghafla mashavu yakawa mazito, pua ikaziba, kichwa kikaanza kugonga juu ya macho. Nilikuwa nimesahau kuinama kunavyouma.

Simu ikaita. Alikuwa Makame, mdogo wangu anayeishi na mama.

"Dada..."

"Najua," nikamwambia. "Yamesharudi."

Nilipogeuka, binti yangu Zuwena alikuwa mlangoni. Alininyooshea mikono yote miwili.

"Lete, mama, nikupokee."