Kielelezo cha Kanga

Wezi wa mayai walipozidi kichakani, askari wa doria, wote Nguchiro, waliongezwa kutoka wawili hadi kumi. Mwaka ulipotimia, Korongo mkaguzi alikuja kupima kama doria imefaa. Alimkuta Kanga ameatamia yai lake la mwisho.

"Zamani mashtaka yalikuwa arobaini kwa mwezi," alisema Korongo. "Sasa hakuna hata moja. Hongera, mama."

"Bwana mkubwa, ukishtaki wizi, Nguchiro wanadai ulete yai jingine liwe kielelezo. Nao hulila papo hapo. Nani atashtaki?"

"Hilo ni kosa kubwa. Kalishtaki kituoni."

"Kwa Nguchiro hao hao?"

"Ndio wenye kazi. Usisahau kielelezo."

Kanga akalifunika yai kwa mbawa zote mbili. "Basi andika kwamba sijaibiwa."

Korongo akaandika.