Kotama Jikoni

Tsofa alikuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi, goti lililopasuliwa likitetemeka, alipomwona binti yake jikoni akipara samaki kwa kotama.

Kisu hicho cha kugemea hakikuwahi kugusa samaki. Shombo huharibu tembo la mnazi, na binti alilijua hilo tangu utotoni, alipokuwa akimsafishia baba yake kotama kabla hajapanda mnazi kugema.

Magamba yalikuwa yameganda kwenye makali. Tsofa alishika ukuta. Wiki sita sasa tangu apasuliwe, katika nyumba hii ya binti yake Mji wa Kale, alikuwa akijizoeza ngazi hizi kila asubuhi ili arudi kwenye minazi yake.

"Jana daktari alikwambia nini, mwanangu?"

"Alisema utembee tembee, baba. Polepole."

"Na kupanda?"

Binti alipitisha kotama tena ubavuni mwa samaki. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika juu ya mikono yake.

Tsofa alishuka, mguu mbovu kwanza, kama alivyofundishwa hospitali. Alivuta kigoda, akaketi mguu ukiwa umenyooka mbele yake, akanyoosha mkono.

"Mkiani umeacha magamba," alisema. "Nipe hiyo kotama nimalizie."