Vidole Viwili vya Mshono

"Mita moja na nusu," nilimwambia mama muuza vitambaa katika soko la Gisuru. Nilikuwa nimevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka Mabamba kwa sababu Asnath, mke wangu, alitamani gauni la kitambaa cha Burundi.

Yule mama alikunjua kitambaa mezani, akachukua mkasi. "Ni gauni la mtoto?"

"La mke wangu. Anaumwa tangu mwaka jana. Amebaki mifupa."

"Pole, muzee. Nani atamshonea?"

"Mimi. Nina cherehani pale Mabamba, mwaka wa ishirini sasa."

Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Fundi wa miaka ishirini! Na ndani ya mshono utaacha nini?"

Niliinamisha macho kwenye kitambaa. Kila mteja wangu namwachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, ili akinenepa nifumue na kupanua. Hata bibi wa miaka themanini namwachia. Lakini jana yake nilimpima Asnath kwa futi, nikapiga hesabu ya kitambaa, na vile vidole viwili sikuviweka.

"Daktari amesema hatapona?" aliuliza.

"Daktari amesema tuendelee na dawa, tusubiri."

"Ego," aliitikia kwa Kirundi, yaani ndiyo. "Kumbe aliyesema hatapona ni wewe."

Akainama juu ya meza kukata mita yangu moja na nusu. Mkasi ulikuwa umeshaingia kwenye kitambaa nilipomshika mkono.