Mgrevilea wa Marehemu

Nola alikuwa akihesabu matawi tena. Aliuinamia ule mgrevilea wa kichaka, kidole mbele, midomo ikimchezacheza, huku wifi yake Glenys akimtazama kutoka dirisha la jikoni.

"Arobaini na moja," Nola akatangaza. "Jumanne yalikuwa arobaini na mawili, wifi."

"Moja limevunjwa na ndege. Kamshtaki."

Vern, kaka yake Nola na mume wa Glenys, alikufa Februari, mji wao wa Port Augusta ukiwaka kwa joto, na wasia wake ukasomwa kabla chai haijapoa. Glenys akae nyumbani mpaka afe. Ila siku atakayoukata ule mgrevilea, au kuung'oa, au kuutilia dawa, nyumba iwe ya Nola. Hebu fikiria! Mwanamke kapika na kufua humo miaka thelathini na minane, leo anawekwa chini ya ulinzi wa kichaka.

Tena kichaka chenyewe kilisimama pale palipokuwa na mlimau wa Glenys, aliopewa na mama yake. Vern aliung'oa, ati unakunywa maji kama ng'ombe. Mgrevilea, alipenda kuwaambia wageni mbele ya mkewe, hauombi maji, hauombi mbolea, wala haununi. Wapo watu wangejifunza kwake. Wageni walicheka. Glenys aligawa keki.

Mara moja tu alijaribu kuutunza. Alikuwa amebakiwa na unga wa mifupa, mbolea ya mlimau wake, akanyunyiza konzi moja shinani. Vern alimfokea mpaka majirani wakapunguza redio wasikie. Miti ya nchi hii imezoea udongo maskini, bibi wee, unga wa mifupa ni sumu kwayo! Akauchota wote kwa kijiko, punje kwa punje, na wiki mbili nzima hakusema na mkewe. Zilikuwa wiki nzuri.

Kilibaki kipengele cha mwisho cha wasia: majivu ya Vern yazikwe shinani pa mgrevilea, na mkewe, kwa mikono yake. Miezi mitatu Glenys alisingizia mgongo. Leo Nola alikuwa amechoka kusubiri, akaja na kopo la majivu na kijembe.

"Utapiga magoti leo, wifi. Akiwa hai hukumpigia."

Glenys akatoka, akijifuta mikono kwa aproni. "Nizike kidogo tu, mengine nikayamwage baharini?"

"Thubutu! Yote, hapo hapo. Usibakize hata kijiko."

"Basi niandikie, mwanasheria asije akasema nimefanya la kwangu."

Nola akacheka kwa dharau. Mjane gani huyu, hata kuzika mpaka apewe cheti? Akaandika kwamba yeye ndiye aliyeamuru, akatia sahihi na tarehe. Glenys akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akapiga magoti, akaifukua mizizi pande zote.

Kisha akafungua kopo. Hamkuwa na majivu kama ya jikoni. Moto wa kuchomea maiti hula kila kitu isipokuwa mifupa, nayo husagwa: unga mweupe, laini, kilo tatu kamili. Glenys akaumimina wote, polepole, kwa mikono yake, kama Vern alivyoagiza.