Visubi wa Mchaichai

Siku nane Barwako alilinyima maji kopo la mchaichai, udongo ukauke, visubi, vijidudu waliozaliana humo, waishe bila dawa. Leo hakuruka hata mmoja. Akakata majani, akachemsha chai, akampelekea kwanza mama mkwe aliyelala ndani na kikohozi.

Kikombe cha pili akampa baba mkwe, aliyerudi jana kutoka malishoni.

“Wadudu wako nimewamaliza mimi,” mzee akasema, akipuliza chai. “Jana nilimwagia dawa ya kupe, ile ya ng’ombe. Kifuniko kimoja tu.”

Tangu aolewe, Barwako alikuwa hajawahi kumtazama mkwewe usoni. Sasa alimpokonya kikombe, chai ikamuunguza vidole.

“Una nini? Hata sijaonja!”

Ndani, kikohozi kilikuwa kimenyamaza.

“Mwanangu,” mama mkwe akaita, “chai imenifaa. Niongezee.”