Wino Mwekundu Juu ya Obadia

Saa nne asubuhi, Jumatatu ya pili ya mwezi wa Eluli wa kalenda ya Kiyahudi, kifurushi kilikuwa juu ya meza na lakiri ya serikali ilikuwa bado nzima.

Rabi Avigdor alikaa upande mmoja wa meza, Getzel mchapishaji upande wa pili. Frumet, mke wa rabi, alikuwa jikoni akimenya viazi, mlango wazi. Ndani ya kifurushi mlikuwa na nakala pekee ya kitabu ambacho rabi alikiandika kwa miaka ishirini na miwili: maelezo ya unabii wa Obadia juu ya hukumu ya Mungu kwa Edomu. Unabii wenyewe ni sura moja. Maelezo yalikuwa karatasi mia mbili na kumi na nne. Ofisi ya serikali ya ukaguzi wa vitabu ilikaa nayo miezi saba. Rabi alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na macho yake hayakuona tena herufi ndogo. Kitabu kikikataliwa, hapakuwa na muda wa kuandika kingine.

Getzel alikuwa ameonya mapema. Kila mtu mjini alijua kwamba katika vitabu vya wahenga wao Edomu ni Rumi, na Rumi ni kila mfalme anayesali chini ya msalaba, Tsari wa Urusi akiwemo. Mwaka uliopita kitabu cha mtu mwingine kilirudi jalada tupu.

"Na mkaguzi wa safari hii anasoma Kiebrania kuliko mimi," Getzel alisema. "Wanasema ni Myahudi mwenzetu wa zamani. Kabatizwa."

"Kuliko wewe hata mbuzi wa Frumet anasoma," rabi alijibu. "Na aliyebatizwa amekufa. Maiti hakagui vitabu. Fungua."

Getzel akavunja lakiri. Karatasi ya kwanza ilikuwa na muhuri wa ruhusa, na chini yake sahihi ya jina la Kirusi ambalo hakuna aliyelijua. Kitabu kinaruhusiwa, isipokuwa palipofutwa.

"Ruhusa ipo," rabi alisema.

"Hata lile jalada lilikuwa na ruhusa, Rabi."

Akaanza kugeuza karatasi. Rabi alisikiliza mlio wake. Ya kumi, ambapo kiota cha tai katikati ya nyota kilielezwa kuwa ni kiti cha enzi: safi. Ya arobaini, ambapo rabi aliandika wazi kwamba Edomu ni Rumi: safi. Ya tisini, ambapo Rumi ilianguka: safi. Getzel alisema bwana huyo ama alikuwa amelewa ama hakukisoma kitabu. Rabi akamwambia asome, asimtafutie mtu udhuru.

Karatasi ambayo Getzel aliiogopa kwa sababu nyingine ilikuwa ya mia na thelathini na moja.

Hapo nabii, akimhukumu Edomu, uzao wa Esau, anamwambia "ndugu yako Yakobo". Wafasiri wakubwa wanasema neno "ndugu" limewekwa ili kuzidisha hatia. Anshel, mtoto wa rabi, akiwa na miaka kumi na miwili, alisema sivyo: nabii ametaja undugu kwa sababu hata hukumu haiufuti. Aliyaandika hayo kwenye kipande cha karatasi kwa mkono wake wa kushoto, herufi zimelalia nyuma kama kawaida yake. Rabi alikihifadhi. Hakuwahi kusikia maelezo bora ya mstari ule, na alisema hivyo kitabuni.

Anshel alikwenda kusoma chuo kikuu mji wa mbali alipotimiza miaka ishirini. Habari za kubatizwa kwake zilifika kwa barua. Walikaa matanga siku saba sakafuni, nguo zimechanwa kifuani, na Getzel mwenyewe ndiye aliyewapelekea mayai ya kuchemsha, chakula cha wafiwa. Tangu hapo jina lile halikutajwa nyumbani. Ila Frumet, ambaye kila Ijumaa kabla ya jua kuzama huwasha mshumaa mmoja kwa kila mtoto, aliendelea kuwasha saba kwa miaka kumi na minne. Watoto waliobaki walikuwa sita. Rabi alikuwa akiihesabu mishumaa hiyo na hakuwahi kumkataza.

Majira ya baridi, kabla kitabu hakijapelekwa kukaguliwa, Getzel alishauri maelezo ya Anshel yaingie bila jina. Rabi alikataa.

"Anayechukua neno la mtu bila kumtaja ni mwizi," alisema.

Basi jina likaandikwa. Walio hai wanaotajwa kitabuni huandikiwa "nuru yake na iangaze". Baada ya jina la Anshel rabi aliandika dua ya marehemu: "kumbukumbu yake na iwe baraka." Siku hiyo Frumet aliichungulia karatasi begani mwa mumewe, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Mtungi ulikuwa umejaa.

Sasa Getzel alikuwa ameacha kugeuza karatasi. Jikoni kisu nacho kikanyamaza.

"Hapa kuna wino," alisema.

"Amefuta maelezo?" rabi aliuliza.

"Maelezo yapo."

"Jina?"

"Jina lipo, Rabi."

Getzel akaisogeza karatasi dirishani. Mstari mwekundu, ulionyooka kama wa rula, ulipita juu ya dua ya marehemu, na hapo tu. Sheria ilimtaka mkaguzi aandike pembeni sababu ya kila anachokifuta. Alikuwa ameiandika kwa Kiebrania, kwa herufi zilizolalia nyuma: "Si kweli."